Mama Anapanda Ndege kwa Mara ya Kwanza, na Ana Sukari

SWALI: Naitwa Doto, naishi Manchester. Mwezi wa saba mama yangu, mwenye miaka 63, anakuja kunisaidia kulea mtoto mchanga. Hajawahi kupanda ndege. Anachoma insulini ya mchanganyiko asubuhi na jioni, na anameza vidonge vya presha. Atatoka Mwanza kwa ndege ya asubuhi tarehe 14, Dar ataondoka 17:35, Doha ataondoka 01:40 tarehe 15, na huku atafika 06:55. Tiketi ya Mwanza–Dar nimeinunua peke yake, mbali na hiyo ya kuja huku. Kiingereza hajui. Tangu ajali ya Bukoba amekuwa akisema ndege anaiogopa. Nimwandaeje? Dawa, chakula, miguu, masikio, kubadilisha ndege, na je, aje na dagaa?

JIBU: Dada Doto, hongera sana kwa mtoto, na shikamoo yangu imfikie mama. Nimekuwa mhudumu wa ndege kwa miaka 19 na sasa nafundisha wahudumu wapya. Akina mama wa aina ya mama yako nimewahudumia wengi, na swali lako limenigusa.

Mama ameishi na sukari miaka yote hiyo na anaijua kuliko mimi na wewe. Lakini anaijua akiwa Mwanza. Pale anajua saa ya kula, anajua chakula kiko jikoni, na akianza kutetemeka jirani anajua ampe nini. Ndani ya ndege vyote hivyo vinapotea kwa pamoja: saa, chakula, mtu anayemjua, hata lugha. Kazi yako ni kuvirudisha mikononi mwake kabla hajatoka nyumbani.

Anza na saa, kwa sababu hapa ndipo nimeona watu wakilia kaunta. Tiketi huandikwa kwa saa 24 za kizungu na mama anahesabu saa za Kiswahili. Mwandikie kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, kama anavyosema mwenyewe: Dar saa 11:35 jioni, Doha saa 7:40 usiku, Manchester saa 12:55 asubuhi. Na ile 01:40 ya tarehe 15, mwambie ni usiku wa kuamkia tarehe 15, usiku uleule aliotoka Dar. Nimeshuhudia familia nzima ikiingia uwanjani na masanduku jioni ya tarehe iliyoandikwa kwenye tiketi, ndege yao ikiwa imeshaondoka usiku uliopita.

Pili, usimtoe Mwanza asubuhi ya tarehe 14. Tiketi zikiwa mbili tofauti, shirika la pili halina wajibu wowote kwako ile ndege ya kwanza ikichelewa. Ukungu ukitanda ziwani au ndege ikipata hitilafu, mama atafika Dar amekosa ndege ya Doha na tiketi yake imepotea. Tena begi lake kubwa halitavushwa moja kwa moja. Itabidi alichukue mwenyewe, alipeleke jengo la tatu, lile la ndege za kimataifa, na alipimishe upya. Kama bado unaweza kubadilisha, mlete Dar tarehe 13, alale kwa ndugu, aamke ametulia. Gharama ya kubadilisha tarehe inauma, lakini inauma kidogo kuliko kununua tiketi ya pili ya kwenda Ulaya.

Sasa insulini.

Insulini yote, sindano zote, kipimo cha sukari na vidonge vya presha viingie begi la mkononi, lile atakaloliweka chini ya kiti cha mbele yake, si kwenye kabati la juu. Hata chupa moja isiende kwenye begi kubwa. Sehemu ya mizigo inaweza kupoa sana, na insulini ikishaganda imeharibika, hata ikiyeyuka ikaonekana sawa. Begi kubwa nalo linaweza kubaki Doha siku mbili. Abebe dawa mara mbili ya anayohitaji kwa siku za safari na za mwanzo huko kwako, zikiwa kwenye maboksi yake yenye jina lake, na barua ya daktari kwa Kiingereza inayotaja kisukari, insulini na sindano. Jina la kwenye barua lifanane na la kwenye pasipoti. Kama kliniki wanamwandika Mama Kulwa na pasipoti inasema jingine, warekebishe mapema. Ile sheria ya vimiminika visivyozidi mililita 100 haihusu dawa anazozihitaji njiani. Azitoe, aziweke kwenye trei, aonyeshe barua.

Wengi huniuliza kama wahudumu wataiweka insulini kwenye friji. Msiwape. Mara nyingi kinachoonekana friji kule nyuma ni droo zilizopozwa kwa barafu, na barafu ndiyo adui. Insulini iliyoanza kutumika hukaa salama karibu wiki 4 kwenye joto la kawaida la chumba lisilozidi nyuzi 30, kwa hiyo safari ya siku moja si tatizo. Aifunge kwenye kitambaa ndani ya kikopo, aiepushe na jua la dirishani, basi.

Jambo la kumkazania kuliko yote ni hili: asichome mpaka sinia la chakula liwe mbele yake.

Nitakueleza kwa nini. Miaka kadhaa iliyopita, kwenye ndege ya usiku, nilikuwa napita na tochi ndogo baada ya taa kuzimwa. Mama mmoja wa makamo alikuwa ameegemea dirisha, kanga imelowa shingoni kama aliyemwagiwa maji. Nikadhani ana homa. Nilipomgusa mkono ulikuwa wa baridi na unatetemeka, akinijibu maneno hayaungani. Mfukoni mwa kiti kulikuwa na sindano iliyotumika, imefungwa vizuri kwenye kitambaa. Nilimpa juisi ya machungwa glasi mbili, kidogo kidogo, nikakaa naye sakafuni mpaka macho yakatulia. Baadaye akanieleza. Alichoma saa 1 jioni kamili kama afanyavyo kila siku. Hali ya hewa ikawa mbaya, tukachelewa kugawa chakula kwa zaidi ya saa nzima. Na chakula kilipofika alisema ameshiba. Ameshiba nini? Alidhani kinauzwa, na fedha aliyokuwa nayo alipewa na mwanawe ya dharura tu.

Kwa hiyo mwambie mama, tena umwambie mara tatu: kwenye safari hii chakula, maji, chai na juisi vimeshalipiwa ndani ya tiketi. Kile kitufe chenye picha ya mtu ni cha kuita mhudumu na hakina malipo. Anaweza kukibonyeza saa 9 usiku na hakuna atakayemkasirikia. Hiyo ndiyo kazi yetu.

Unaweza kumwagizia chakula cha watu wenye kisukari bila malipo, angalau saa 48 kabla, kupitia tovuti ya shirika au kwa kupiga simu. Mimi binafsi sipendi watu wakitegemee chenyewe tu. Wakati mwingine huja na wanga kidogo mno kwa mtu aliyechoma insulini, na safari moja moja hakipakiwi kabisa. Abebe vyake: mkate, ndizi mbili, karanga, na pipi au glukosi mfukoni, mahali anapofika bila kusimama. Ndizi azimalize njiani, asishuke nazo.

Uzuri wa safari yake ni kwamba saa hazitamchanganya. Doha na Mwanza zina saa moja, na Uingereza mwezi wa saba iko nyuma kwa saa 2 tu. Asiguse saa yake ya mkononi mpaka akufikie. Akitoka Dar 17:35, chakula cha jioni mara nyingi hutolewa kama saa moja hivi baada ya kupaa, yaani karibu na saa 1 jioni yake ileile. Kwenye ndege ya pili, kifungua kinywa hutolewa kama saa moja na nusu kabla ya kutua, na hapo saa yake ya Mwanza itakuwa inasoma kama saa 1:30 asubuhi. Siku yake itarefuka kwa saa 2, si mabadiliko ya kutisha. Lakini huenda baada ya kutoka Doha wakamletea chakula kingine katikati ya usiku, na kile kisimfanye achome dozi ya tatu. Hii karatasi ya saa za milo mpelekee daktari wake wa kliniki mapema, yeye ndiye apange dozi kwa maandishi. Mimi naijua ndege, yeye anamjua mama.

Apime sukari kabla ya kupanda, kabla ya kila sindano, na akijisikia vibaya wakati wowote. Na umtengenezee kadi ya ukubwa wa kiganja, kwa Kiingereza, aivae shingoni: jina lake, kwamba ana kisukari na anachoma insulini, kwamba anaongea Kiswahili, kwamba akitokwa jasho na kuchanganyikiwa apewe juisi yenye sukari mara moja, na namba yako ya simu. Mara tu anapopanda, amwonyeshe mhudumu wa mlangoni. Tukijua kuna abiria wa insulini kiti fulani, tunampitia.

Kuhusu kubadilisha ndege, omba kiti cha magurudumu. Najua atakataa, atasema yeye si mlemavu. Mweleze kwamba anachoomba ni mtu wa kumwongoza. Huduma hiyo ni ya bure, inaombwa angalau saa 48 kabla, na fomu itauliza kama abiria anaweza kupanda ngazi na kutembea ndani ya ndege. Jibu ndiyo, anachoshindwa ni mwendo mrefu. Dar watampeleka hadi mlangoni. Doha watampokea akishuka na kumfikisha geti la pili, na Manchester watampitisha uhamiaji, kwenye mizigo, hadi nje. Kwa mtu asiyejua Kiingereza, ndani ya saa 2 na dakika chache za kuunganisha Doha, huo ni msaada mkubwa kuliko wote nitakaokutajia. Uwanja wa Hamad ni mkubwa, una hata treni ya ndani. Katikati yake kuna sanamu ya dubu wa njano mrefu kama mita 7, taa imemtoka kichwani. Mtumie picha yake. Ikitokea amepotea, aende kwa yule dubu akae pale, amwonyeshe mfanyakazi yeyote kadi yake.

Doha mizigo ya mkononi hukaguliwa tena, kwa hiyo maji aliyonunua Dar ayanywe kabla hajashuka, asije akalia chupa ikitupwa. Pipi na dawa hazina shida.

Miguu itavimba. Ndivyo inavyokuwa kwa karibu kila mtu anayekaa saa nyingi ameining'iniza, na baada ya siku moja mbili huisha. Avae ndala za kubana kwa mkanda au viatu vya kulegea, asivivue vile vya ngozi halafu vikagoma kuingia. Kinachotuhangaisha zaidi ni damu kuganda kwenye mshipa wa mguu. Utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani, uliotangazwa 2007, ulionyesha kwamba kukaa safarini zaidi ya saa 4 bila kujinyoosha huongeza hatari hiyo mara mbili hivi, ingawa kwa mtu mwenye afya bado ni kama mmoja kati ya 6,000. Mama ana miaka 63, kwa hiyo mchagulie kiti cha pembeni mwa njia, karibu na choo, asimuone aibu jirani kila akitaka kuinuka. Kila saa akiwa macho, azungushe nyayo, abonyeze vidole chini kama anayekanyaga cherehani, atembee hadi nyuma na kurudi. Anywe maji. Hewa ya ndani ni kavu mno, unyevu wake kwa kawaida hauzidi asilimia 20. Kama vidonge vyake vya presha ni vile vya kukojosha, atashawishika kuviacha siku hiyo. Asiviache bila kauli ya daktari. Mguu mmoja ukivimba kuliko mwingine na kuuma kwenye shavu la mguu, hata wiki moja baadaye, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Presha iliyodhibitiwa haimzuii mtu kupanda ndege. Hewa ndani hushindiliwa mpaka iwe kama ya mahali penye mwinuko wa kati ya mita 1,800 na 2,400. Yaani mwili wake utajiona kama uko Njombe au juu kidogo. Mwambie hivyo, anaelewa Njombe ni baridi. Abebe kanga mbili na sweta.

Masikio huuma zaidi ndege inaposhuka kuliko inapopanda. Kwa hiyo asilale dakika 30 za mwisho. Amumunye pipi, ameze mate, apige miayo. Yakiziba kabisa, abane pua, afunge mdomo, apulize polepole. Akiwa na mafua makali siku ya safari, amuone daktari kwanza.

Choo hakielezwi na mtu yeyote, na akina mama wengi hubana mkojo saa 6 kwa kuogopa mlango. Mlango mara nyingi hujikunja katikati, hivyo asukume katikati. Akiingia asogeze kifunga, na hapo ndipo taa itawaka sawasawa. Asipofunga atakaa gizagiza na mtu atamfungulia. Kitufe cha kuvuta maji kinatoa mngurumo wa ghafla, si hitilafu. Kama anatumia maji kujitawadha, aombe kikombe kitupu kwa mhudumu, tunavyo na tumezoea kuombwa.

Sasa hofu yake. Usimwambie "mama, usiogope" ukapita. Ile ndege iliyokuwa inatoka Dar ikaanguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba tarehe 6 Novemba 2022 ilikuwa na watu 43, na 19 walifariki. Ziwa lile ni lake, habari ile aliisikia kwa lugha yake. Anayo haki ya kuogopa. Mwambie na hili pia: watu 24 walitoka hai, na wavuvi wa pale walifika na mitumbwi yao kabla ya wengine wote. Kutoka katika ndege iliyopata ajali kunawezekana, na ndiyo sababu yale maelezo ya mwanzo yapo. Hata kama haelewi maneno, atazame mikono ya mhudumu. Akikaa tu, ahesabu viti kutoka chake hadi mlango wa karibu, mbele na nyuma, ili hata gizani aweze kupapasa.

Na jaketi la kuokolea maisha asilijaze hewa akiwa ndani. Tarehe 23 Novemba 1996 ndege ya Ethiopia iliyotekwa na kuishiwa mafuta ilianguka baharini kwenye ufuo wa Ngazija, Komoro. Watu 125 kati ya 175 walikufa, na miongoni mwao walikuwemo waliokuwa wamejaza majaketi mapema. Maji yalipoingia yakawainua hadi darini, wakashindwa kupiga mbizi kuufikia mlango. Tangu nilipofundishwa habari hiyo sijawahi kuonyesha jaketi kwa haraka haraka.

Yatakayomtisha kwa kweli ni sauti. Kishindo chini ya miguu mara baada ya kupaa ni magurudumu yanakunjwa. Dakika chache baadaye injini hupunguza mngurumo na tumbo hujisikia kama linashuka. Zimepunguzwa nguvu kwa makusudi, hazijazima. Ubawa utapindapinda, umetengenezwa upinde. Usiku taa huzimwa wakati wa kuruka na kutua ili macho yazoee giza endapo watu watahitaji kutoka haraka. Wakivuka ikweta kwenye mawingu ya mvua ndege itatikisika kama daladala kwenye barabara mbovu. Mkanda ufungwe muda wote akiwa kitini, hata ile taa ikizimwa, hata akilala, na aufunge juu ya kanga ili tuuone tusimwamshe.

Dagaa waje, tena waje wengi. Uingereza inamruhusu abiria kuingia na samaki kwa matumizi yake, hadi kilo 20. Wawe wamekauka vizuri na wafungwe tabaka mbili tatu kwenye begi kubwa, maana harufu ikipenya nguo zote zitanukia soko la samaki la Kirumba. Nyama ya aina yoyote, maziwa, mtindi na samli haviruhusiwi kutoka kwetu, hata kidogo, hata vikiwa zawadi ya mzazi. Matunda na mboga mbichi viacheni. Pawabanki ya simu ikae begi la mkononi, kamwe isipakiwe kwenye begi kubwa, kwa sababu betri hizo zikishika moto lazima mtu awe karibu kuuzima. Ya 20,000 mAh inaruhusiwa.

Mwisho ni uhamiaji wa Manchester. Afisa atataka kujua anakuja kwa nani, atakaa muda gani, nani anamgharamia. Mwandikie barua fupi ya Kiingereza yenye majibu hayo, anwani yako, tarehe ya tiketi ya kurudi, na aiweke pamoja na pasipoti. Anwani aishike kichwani pia. Asikubali maneno ya mtu anayemwambia aseme anakuja kufanya kazi ya kulea. Anakuja kumwona mwanawe na mjukuu, na msaada atakaokupa ni wa bibi kwa mjukuu, si ajira, na huo ndio ukweli.

Wewe uwe uwanjani kuanzia 06:30. Usingoje kwenye gari. Simama palepale wanapotokea abiria, simu ikiwa na chaji, kwa sababu yule anayemsukuma hataweza kukaa naye muda mrefu. Na uwe na chai ya maziwa kwenye chupa, mwulize kwanza amechoma saa ngapi na amekula nini, ndipo umkabidhi mtoto.